Marigodi Zimenikataa Mara Tatu: Je, Nina Mkono Mbaya?

"Shikamoo mama. Naishi Kigamboni, nyumba yetu ina uzio wa mita 12 upande wa mbele. Mwaka jana nilinunua marigodi sita kwenye kitalu cha kando ya barabara, maua ya njano makubwa kama mpira wa tenisi. Yalipokauka nikachuma mbegu. Mara ya kwanza nikasia, haikuota hata moja. Mara ya pili nikachukua za maua mengine, nikazisia kwenye kasha barazani, zikaota vizuri. Siku ya sita naamka nakuta zimelala chini zote kama zimekatwa na wembe. Mara ya tatu nikatumia zilizobaki kwenye kopo: zimekua, zimechanua, lakini maua ni madogo, mengine yana safu moja tu ya petali. Muuza maua ananiambia hizi za kisasa ni GMO, yaani zimebadilishwa vinasaba maabara, zimefungwa uzazi ili turudi kununua. Mama mkwe anasema nina mkono mbaya wa kupanda. Pia nina deizi ya kichaka niliyoletewa kutoka Lushoto, inadondosha matumba kabla hayajafunguka. Jirani amenipa ile inayotambaa yenye maua ya njano. Hiyo peke yake ndiyo inaniheshimu. Tunamwagilia kwa maji ya kisima. Sasa ni Agosti, na mdogo wangu ana sendofu hapa nyumbani katikati ya Desemba. Nataka uzio wote uwe njano. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na la mama mkwe, maana nahisi ndilo lililokuuma kuliko maua yenyewe. Nimekaa na vitalu miaka mingi na sijapata kuona mkono mbaya. Nimeona mbegu mbovu, udongo mbovu, na zaidi ya vyote maji mengi kupita kiasi. Wewe umehangaika mara tatu, ila si kwa jambo moja. Mara ya kwanza tatizo lilikuwa mbegu. Mara ya pili lilikuwa ugonjwa. Mara ya tatu hukushindwa hata kidogo: ulifanya kila kitu sawasawa, ukapata watoto wasiofanana na mama yao. Mambo haya matatu yana sababu tatu mbalimbali, na mtu akiyafunga kwenye furushi moja ndipo anapoanza kutafuta mchawi.

Kabla hatujaenda mbali, chukua ua la marigodi lililofunguka vizuri, kaa nalo mezani, lipasue katikati kwa kisu. Utaona kwamba hilo uliloliita ua ni maua mengi madogo yaliyobanana kwenye kitako kimoja. Kila petali unayoivuta inakuja na kijiti cheupe chini yake. Hicho ni kizazi chake, kwa sababu hiyo petali ni ua kamili la kike. Katikati, kama yapo, utakuta mengine yenye umbo la mrija mwembamba. Hayo yana sehemu za kike na za kiume pamoja, na ndiyo yenye chavua. Jamii yote ya alizeti inaishi hivyo, maua mengi kitako kimoja: alizeti yenyewe, zinia, kosmosi, jabera, saladi ukiiacha ichanue, hata kishona nguo kinachokuganda kwenye sketi. Mchunga tunaoupika kwa nazi nao ni ndugu yao. Uache siku moja uchanue uone ua lake la njano. Kwenye alizeti zile ndimi za njano za pembeni ni tasa kabisa, kazi yake ni kuita nyuki tu, na mbegu zinatoka kwenye mirija ya katikati, ambayo kichwa kikubwa huwa nayo 1,000 hadi 2,000. Kwenye marigodi ni tofauti. Ndimi za pembeni zinaweza kuzaa, mradi chavua iwafikie.

Hapo ndipo mkasa wako wa kwanza ulipoanzia. Ili kupata lile pande la mpira wa tenisi, wazalishaji wa mbegu walichagua kwa vizazi vingi mimea ambayo mirija yake ya katikati imegeuka ndimi. Uzuri ukaongezeka, chavua ikapungua. Nyuki akitua pale anahangaika kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba uliojaa. Ua la kike lisilopata chavua halitoi mbegu, linatoa ganda tupu. Ulichosia mara ya kwanza, bila shaka yoyote kwangu, kilikuwa makapi.

Muuza maua wako amegusa kitu cha kweli akakipa jina lisilo lake. Marigodi ulizonunua ni chotara, kama mahindi chotara ya dukani: mama wa ukoo huu, baba wa ukoo ule, wakapandishwa kwa chavua ya kawaida. Hakuna kinasaba kilichohamishwa maabara. Na zipo kweli zisizozaa, ila hakuna aliyezifunga. Marigodi ndefu, ambayo wazungu waliibandika jina la ya Kiafrika, na ile fupi waliyoiita ya Kifaransa, zote mbili kwao ni Mexico na nchi za jirani. Majina hayo yasikuhangaishe. Ndefu ina kromosomu 24, yaani vile vijiuzi vinavyobeba urithi ndani ya mmea, fupi ina 48. Ukizipandisha, mtoto anapata 36, yaani seti tatu za 12 badala ya mbili au nne, na wakati wa kutengeneza mbegu seti tatu hazigawanyiki kwa haki. Mtoto huyo anachanua mfululizo, lakini ni tasa. Ndizi nyingi tunazokula nazo zina seti tatu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kukosa mbegu, lakini hakuna anayesema migomba imefungwa uzazi.

Jinsi ya kutambua mbegu hai ni rahisi, na laiti angekuonyesha mtu siku ile. Acha ua likauke kwenye mmea mpaka kikombe chake cha chini kiwe rangi ya kahawia na shingo ikunjamane. Usiharakishe: maua haya hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati kwa siku kadhaa, kwa hiyo mbegu za ukingoni huiva kwanza. Pasua kikombe. Mbegu ya marigodi ni kijiti cheusi chembamba chenye nywele za rangi ya majani makavu upande mmoja. Bana kwa ukucha sehemu ile nyeusi. Ikikaza, ina kiini ndani. Ikikunjika kama karatasi, tupa. Wengi husia petali zilizokauka wakidhani ndizo mbegu, na sitashangaa kama nusu ya kopo lako ilikuwa hizo.

Na kopo lenyewe. Hewa yetu ya Dar ina unyevu wa kutosha kulainisha biskuti kwa usiku mmoja, seuze mbegu. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya kukadiria: kila unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, au joto la mahali ilipo likishuka kwa nyuzi 5, maisha yake huongezeka maradufu. Anika mbegu kivulini kwenye gazeti siku nne au tano. Kaanga kiganja cha mchele bila mafuta hadi ukauke, uache upoe kabisa, uweke chini ya chupa yenye mfuniko wa kubana. Mbegu zifunge kwenye karatasi juu ya mchele huo, kisha chupa iingie kwenye friji, si kwenye sehemu ya barafu. Ni mchele uleule tunaouweka kwenye kichupa cha chumvi, na kwa sababu ileile.

Sasa mkasa wa pili, ule ulioniuma zaidi kuusoma, kwa sababu mbegu zilikuwa nzuri. Miche iliyolala kama imekatwa na wembe imepatwa na kinyausi. Si mdudu, ingawa wengi humwaga dawa ya wadudu hapo na kuiunguza miche iliyosalia. Ni vimelea jamii ya ukungu vinavyoishi kwenye udongo karibu kila mahali. Mche mchanga una shina laini, bado halijakaza, na vimelea vikipata udongo unaolowa muda wote, miche iliyosongamana na hewa isiyotembea, hushambulia pale shina linapogusana na udongo. Ukiangalia kwa karibu unaona sehemu hiyo imesinyaa na kuwa kama imelowa maji. Juu mche bado ni wa kijani, lakini chini umeshakatika. Ukishalala hauinuki tena, hata uupe dawa gani.

Hukuniambia ulimwagilia mara ngapi. Ninabashiri: asubuhi na jioni, kwa upendo. Na kasha lilikuwa barazani, kivulini, na udongo wake ulichanganywa na samadi. Kama samadi hiyo ilikuwa ya kuku na haijaiva, ulivikaribisha vimelea mezani. Mche wa marigodi hauhitaji chakula siku zake kumi za kwanza. Umebeba akiba yake kwenye yale majani mawili ya mwanzo. Unachohitaji ni udongo unaopitisha maji. Mimi natumia mchanga wa mto uliooshwa, sehemu mbili, mboji iliyoiva kabisa sehemu moja, na usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, uliochambuliwa sehemu moja. Hapo kwenye usumba kuwa makini, kwa sababu makumbi mengi ya Pwani hufukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike, na yanarudi yamejaa chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi na kumwaga mara tatu. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa.

Mchanganyiko huo uupashe moto kabla ya kusia. Sufuria kuukuu, maji kidogo chini, udongo wenye unyevu juu ya kitu cha kuuinua, funika, acha mvuke uupite kwa nusu saa baada ya udongo wa katikati kuwa wa moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono. Kama hutaki kuchafua jiko, tandaza udongo uliolowa juani, ufunike kwa nailoni angavu, uzibe kingo, uache wiki nne hadi sita. Jua la Dar linafanya kazi hiyo bure na wewe muda unao. Baada ya hapo sia mbegu moja moja, nafasi ya vidole viwili, fukia kwa udongo usiozidi unene wa punje ya mahindi, na kasha likae mahali penye mwanga mwingi na upepo. Mwagilia asubuhi tu, na siku ambayo udongo wa juu bado una giza la unyevu, pita kama hukuona.

Hiyo ya maji inanirudisha kwenye kisima chako. Visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi. Mkubwa anavumilia, mtoto havumilii. Angalia vyungu vyako: kama vina utando mweupe ukingoni, na majani yameungua kingo kuanzia kwenye ncha, chumvi ipo. Kwa miche tumia maji ya mvua uliyokinga, au maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ambayo hayana chumvi kabisa na watu huyaacha yakaloweshe ukuta. Ndoo moja ya kiyoyozi inalea kasha la miche wiki nzima. Mimea ikishakuwa mikubwa uzioni, kisima kitatosha, ila mara moja moja mwaga maji mengi kwa mpigo ili chumvi ishuke chini ya mizizi badala ya kujikusanya juu.

Twende kwenye mkasa wa tatu, ambao mimi nauita habari njema. Uliposia mbegu za chotara, ulirudia kile ambacho mkulima wa mahindi anakifahamu: mbegu ya chotara haimrudishi chotara. Tabia za babu na bibi zilizokuwa zimefichwa zinatawanyika upya. Mmoja anatoka mrefu, mwingine mfupi, huyu pande la ua, yule safu moja. Na kwa kuwa nyuki alikuwa huru, baba wa mbegu zako huenda alikuwa marigodi nyembamba ya nyumba ya tatu. Hakuna mbolea itakayorekebisha hilo.

Ukitaka mpira wa tenisi uleule, una njia mbili. Ya kwanza ni kununua pakiti mpya ya mbegu chotara kila msimu kwenye duka la pembejeo, iliyofungwa na yenye tarehe. Ni ghali na hakuna ubishi: utapata ulichokiona kwenye picha. Ya pili ni vipandikizi, na watu hushangaa nikiwaambia marigodi inakubali. Inakubali sana. Umewahi kuona shina lililolala chini likatoa vinundu upande wa udongo? Hivyo ni vianzio vya mizizi, vinangoja tu nafasi. Kipandikizi hakina baba, kwa hiyo ni mama yuleyule aliyeendelea.

Kata asubuhi mapema, kabla ya saa 2, wakati mmea umejaa maji. Chagua ncha isiyo na ua wala tumba, urefu wa kidole chako cha kati, ukate chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini, acha majozi mawili juu. Sababu ya kukataa ncha yenye ua ni hii: ile ncha changa hutengeneza homoni inayoteremka kwenye shina, na ikifika kwenye kidonda hujikusanya pale na kuamuru mizizi itoke. Tumba likiwepo, linanyonya chakula na kuvuruga agizo hilo. Chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini chenye mwanga. Kipandikizi hakina mizizi ya kunywa lakini majani yake bado yanapoteza maji. Chupa ni ya kupunguza upotevu huo, na ukiiweka juani unakipika. Baada ya siku 10 hadi 14 kivute kidogo sana. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Ubaya wa vipandikizi nao niuseme. Mama akiwa na virusi, watoto wote wanavyo. Na marigodi ni mmea wa msimu, hauzeeki vizuri, hivyo huwezi kumkata mmoja miaka mitano. Ipo pia njia ya tatu, ninayoipenda mimi ingawa haitafika sendofu: kuchukua mbegu za mimea yako iliyo bora na kujichagulia ukoo wako, msimu baada ya msimu. Nitairudia mwishoni.

Jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havikuambii. Marigodi huhesabu urefu wa usiku, na usiku mrefu huiharakisha kuchanua. Kwao Ulaya mchana wa kiangazi ni mrefu sana, kwa hiyo mmea hukua kwanza. Hapa Dar mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote hautofautiani hata saa moja. Mwaka mzima tuko karibu na saa 12 kwa 12. Ndiyo maana marigodi zetu hutoa ua zikiwa na urefu wa kiganja kisha zinadumaa. Dawa ni ukucha: tumba la kwanza likitokea, libane ulitoe pamoja na ncha yake. Inauma, najua. Mmea utatoa matawi manne au sita badala ya shina moja, na kila tawi litabeba ua.

Sasa sendofu. Mita 12 kwa nafasi ya sentimita 30 ni miche 40 kwa mstari. Weka mistari miwili inayopishana, miche 80. Sia mbegu 120, maana konokono wa vuli hawajui kama una shughuli. Kutoka kusia hadi kuchanua hesabu wiki 8 hadi 10 kwa joto letu, nyingine kidogo kwa ajili ya kule kubana ncha, kwa hiyo kasha lako liwe tayari siku za mwisho za Septemba, chini ya kipaa kitakachozuia mvua za vuli zisiangukie miche moja kwa moja. Hamishia uzioni mwishoni mwa Oktoba, jioni. Kama utataka nusu iwe mipira ya tenisi kwa vipandikizi, nunua mimea sita wiki ya kwanza ya Septemba, ikate maua yote hapohapo, ilishe wiki tatu ichipue, ndipo ukate ncha. Katikati ya miche chomeka kosmosi ya njano moja kwa moja ardhini katikati ya Oktoba. Yenyewe inapenda mchanga maskini, na ukiipa samadi itakupa majani tu. Na kama unataka kitu cha kupigia picha karibu na lango, alizeti fupi za mapambo huanza kuchanua siku 50 hadi 60 baada ya kusia. Sia mara mbili, wiki moja katikati, kwa sababu kichwa kimoja hakikai kizuri zaidi ya wiki mbili.

Deizi ya Lushoto usiitegemee kwa Desemba. Mmea ule asili yake ni Afrika Kusini, na Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, uliishi kwa raha kwa sababu ya baridi ya usiku. Mchana mmea hutengeneza sukari, usiku hupumua na kuitumia. Usiku wetu wa kaskazi unakaa kwenye nyuzi 25, mmea unapumua mbio kama mtu aliyepanda ngazi, na asubuhi akiba haitoshi kulea matumba. Wa kwanza kuachwa ni tumba. Uweke upande wa mashariki upate jua la asubuhi tu, chungu kiwe cha udongo, si cha plastiki cheusi. Utakupa maua machache kipindi cha kipupwe, na Julai ndio mwezi wa kuukata vipandikizi. Ukifa Februari, usijilaumu.

Ile ya jirani ni wedelia, Sphagneticola trilobata kwa jina la kisayansi, na nina maneno nayo. Inakuheshimu kwa sababu inamheshimu kila mtu: kila kifundo kinachogusa ardhi kinatoa mizizi, na kipande chenye vifundo viwili ni mmea mzima. Imetoka Amerika ya kitropiki, na imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Sisemi uing'oe. Kwenye mteremko wa mchanga unaobomoka inashika ardhi vizuri. Ila iwe ndani ya mipaka ya zege au kwenye chungu, na mabaki unayopunguza yasiende mtaroni wala bondeni wala ufukweni; yatandaze juu ya saruji juani mpaka yavunjike kama tumbaku. Uzioni kwako, pamoja na marigodi, itazimeza kabla ya bibi harusi kufika.

Mimea ya jamii hii ina utomvu unaowasha baadhi ya watu. Ukiona vipele mikononi baada ya kupunguza majani, vaa glavu. Vikienea usoni, nenda kituo cha afya badala ya kupaka mafuta ya nazi.

Kuna hali mbili ambazo barua haitoshi. Mmea ukinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, na asubuhi haujainuka, kata shina karibu na udongo ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, huo ni mnyauko wa bakteria, uleule unaoua nyanya na biringanya, na hauna dawa ya kunyunyizia. Ya pili: ua likigeuka kijani na vijani vikaanza kuchipua katikati ya ua lenyewe, huo ni ugonjwa unaobebwa na wadudu wanaonyonya utomvu, na mbolea haihusiki. Ng'oa mmea huo siku hiyohiyo. Kwa yote mawili mwite afisa kilimo wa kata yako aje aone, au funga sampuli pamoja na mizizi na udongo wake uipeleke kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kilichopo Mikocheni. Usinunue dawa kabla mtu hajaona mmea kwa macho.

Zile marigodi zako za msimu wa tatu, za safu moja, usizing'oe. Zina mirija mingi na chavua tele, nyuki wanazipenda, na mbegu zake zitajaa. Bila shaka kati yake ipo moja au mbili nzito kuliko wenzake, zenye shina nene na rangi iliyokolea. Funga uzi mwekundu kwenye hizo. Zile dhaifu kabisa zikate mapema ili zisiendelee kuchangia chavua. Mwakani sia mbegu za zenye uzi peke yake, uchague tena, na mwaka wa pili tena. Kwenye mzunguko wa tatu au wa nne utaanza kuona ukoo unatulia. Kazi ya kuchagua mpe mama mkwe. Mwambie unahitaji jicho lake.